Wauza vipasha chakula vya gari, kwa nini mnaficha wati?

Wakuu, nafungua huu uzi kwa hasira na sitapunguza makali. Matangazo ya vibakuli na mifuko ya kupashia chakula ndani ya gari yamefanana yote: chomeka kwenye tundu la kiberiti, subiri dakika 15, kula cha moto. Boksi lina picha ya mvuke unafuka. Wati ngapi? Kimya. Ukigeuza chini unakuta stika imeandikwa 12V, basi.

Tupige hesabu wanayoikwepa. Nusu kilo ya chakula chenye majimaji ya kawaida, kutoka nyuzi 5 za friji hadi nyuzi 75, inataka kilojuli 120 hivi. Vipasha vingi vya kundi hili ni vya wati 40 au karibu na hapo. Gawanya: sekunde 3,000, yaani dakika 50, tena kama hakuna joto hata chembe linalopotea kwenye kifuniko na kuta za bakuli. Linapotea, na AC ikiwaka linapotea zaidi, kwa hiyo panga saa moja na nusu. Zile dakika 15 za kwenye tangazo zinapandisha nyuzi 20 tu. Chakula kilichotoka friji kinafika nyuzi 25, na mnunuzi anaambiwa ale!

Hili si suala la ladha peke yake. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, na kiporo kipashwe hadi kipite nyuzi 70. Kipasha dhaifu kinakiweka chakula humohumo kwenye eneo la hatari kwa muda mrefu. Wali ndio mbaya zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na sumu ya kutapisha ikishatengenezwa kupasha hakuiondoi. Wali uliolala kwenye kiti tangu asubuhi hauokolewi na kifaa chochote.

Halafu kuna wanaouza vya USB. USB ya volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Kwa nusu kilo ileile ni zaidi ya saa 3 bila upotevu wowote, maana yake hakitapata moto kamwe, kitabaki vuguvugu. Huo ni wizi.

Upande wa pili wapo wanaojisifu wana wati 150. Kwa volti 12 hizo ni ampea 12.5. Matundu mengi ya kiberiti yana fyuzi ya ampea 10, 15 au 20, na muuzaji haandiki popote kwamba uangalie kwanza. Ikiwa yako ni ya 10, itakata. Na hapa ndipo ushauri wa hatari unapoingia: "weka fyuzi kubwa." Jamani, fyuzi inalinda waya uliopita nyuma ya dashibodi. Ukiweka ya 30 kwenye waya uliopimwa kwa 10, kitakachokata safari ijayo ni waya wenyewe, ukiwa umezungukwa na plastiki.

Hata fyuzi ikitosha, angalia plagi. Mguso wa chanya ni kale kapini ka mbele kenye springi, hasi ni vile vibati vya pembeni. Vikilegea, au tundu likiwa na vumbi na kutu, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa omu 0.2 tu kwa ampea 10 unazalisha wati 20 ndani ya plagi. Nusu ya nguvu ya kipasha kizima cha wati 40, imejikusanya kwenye kitu cha ukubwa wa kidole. Ndiyo maana plagi zinayeyuka na kuganda ndani ya tundu huku fyuzi ikiwa nzima, kwa sababu mkondo haujazidi. Chomeka, subiri dakika 10, chomoa, gusa. Ikiwa huwezi kuishika, acha kuitumia. Safisha tundu gari likiwa limezimwa na fyuzi imetolewa. Na zile soketi za kugawanya tatu kwa moja zisikaribie kipasha.

Madereva wa malori, ninyi mnaumizwa mara mbili. Mfumo wenu ni volti 24. Kipasha cha kawaida cha volti 12 na wati 40 ukikichomeka kwenye 24 kinavuta wati 160, kwa kuwa nguvu inapanda mara nne, na kinaungua. Cha volti 24 na wati 60 kwenye gari dogo kinatoa wati 15. Dukani vimepangwa rafu moja, boksi rangi moja.

Injini ikiwa imezimwa, ampea 10 kwa saa 2 ni ampea-saa 20, theluthi ya betri ya 60. Betri ya kuwashia gari haikuundwa kukamuliwa hivyo. Pasha gari likitembea.

Maikrowevu kwa inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? Yenye wati 700 za kupikia inavuta kama 1,100 kutoka kwenye inveta, zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri. Hiyo inataka nyaya nene za moja kwa moja kutoka betrini na fyuzi yake hapohapo. Tundu la kiberiti lisahau.

Jiko la gesi au mkaa ndani ya gari lililofungwa, hapana kabisa. Monoksidi ya kaboni haina harufu, inaua.

Kwa mliokwisha kununua cha wati 40 kinachopasha kutokea chini: tumia bakuli la chuma lenye kitako bapa, chakula kisizidi unene wa sentimita 3, nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika. Mkiegesha, koroga, kwa sababu chini kunaungua katikati kukiwa baridi. Chakula kikae kwenye boksi la barafu hadi wakati wa kuchomeka. Kipimajoto cha kuchoma ndicho kitawaambia ukweli, kichomekeni katikati.

Wauzaji, tunachodai ni stika moja: volti, wati, fyuzi inayohitajika, na dakika za kupasha nusu kilo kutoka nyuzi 5 hadi 75. Na mnaokuja kuchangia, wekeni wati, uzito wa chakula na muda. "Changu kinapasha vizuri" haimsaidii mtu.