Mjadala: Je, ni halali kumwachisha mtu ARV ili kupima tiba mpya ya kinga ya mwili?

Ndugu wachangiaji, naomba tuijadili hoja hii. Watafiti wanaotafuta tiba ya VVU kwa njia ya chanjo za matibabu au kingamwili huwaomba baadhi ya washiriki waache ARV kwa muda, ili ionekane kama kinga ya mwili yenyewe inaweza kuvidhibiti virusi. Wapo wanaouita ukatili, na wapo wanaosema hakuna njia nyingine. Mimi nakubali usitishaji huo, mradi mwenza wa mshiriki naye alindwe.

Kipimo cha maabara peke yake hakitoshi kuonyesha kama tiba imefaulu. Intalukini-2, protini ya kuchochea kinga ya mwili, iliongeza seli za CD4 (seli za kinga ambazo VVU huzishambulia) katika majaribio mawili makubwa ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, lakini haikupunguza magonjwa nyemelezi wala vifo. Kuna pia yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na VVU, ambaye baada ya kuacha ARV alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na bila virusi kuonekana kwenye damu, hadi vilipoibuka tena mwaka 2014, kwa sababu ARV huzuia virusi visizaliane lakini hazivifikii vile vilivyojificha ndani ya seli zilizolala.

Wapinzani hutaja utafiti wa SMART wa mwaka 2006, ambamo waliositisha dawa waliugua na kufariki zaidi ya walioendelea nazo. Ni ushahidi mzito, ila wale walisubiri hadi CD4 zishuke chini ya 250 ndipo warudishiwe dawa, ilhali majaribio ya sasa hupima wingi wa virusi mara kwa mara na kumrudishia mshiriki dawa mapema.

Kinachonisumbua ni mwenza. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Akiacha dawa, ulinzi huo huondoka virusi vinaporudi, na mwenzake hakutia sahihi fomu yoyote ya ridhaa. Maambukizi ya namna hiyo yamekwisha kuripotiwa. Kwa hiyo mwenza aelezwe, kwa ruhusa ya mshiriki, apewe PrEP (dawa za kumkinga asiambukizwe VVU) bila malipo na apimwe kipindi chote cha jaribio.

Na ambaye bado hajamweleza mwenza wake hali yake? Kwa maoni yangu asiandikishwe, ingawa najua sharti hilo litawaacha nje wanawake wengi wanaoogopa kupigwa au kufukuzwa wakijieleza. Mwenye njia ya kuwaingiza bila kumhatarisha mtu wa tatu naomba aiweke hapa tuipime.