Paa nimelilipia, sasa duka la vifaa linanidai

Kutoka: Mama Mapacha, Brooklyn Park

Ndugu, salaam. Ile mvua ya mawe ya mwezi wa 6 mnaikumbuka. Kesho yake tu vijana wenye ngazi walishabisha hodi mtaa mzima. Nikakubaliana na mmoja, dola 14,800, bima ikakubali. Nusu nilimpa siku ya kuanza, nusu walipomaliza. Paa zuri, sina neno. Leo duka lililomuuzia vigae limeniandikia kwamba hajawalipa dola 5,100, na wasipolipwa wataiwekea nyumba yangu lieni, yaani dai la kuishikilia nyumba mpaka deni lilipwe. Duka lenyewe hata silijui liliko! Nadaiwaje mara mbili?

Kutoka: Baba Salim, St. Paul

Pole dada. Hapa Minnesota haya ni ya kila kiangazi. Aliyetoa kazi au vifaa kwenye nyumba yako akidhulumiwa chake, sheria inamruhusu kuishika nyumba hata kama wewe na yeye hamkuandikiana kitu. Ila lazima awe amekujulisha kwa maandishi ndani ya siku 45 tangu alipoanza kuleta, mkononi au kwa barua ya kutiwa sahihi posta. Kumbuka vizuri, hakuna bahasha uliyoitilia sahihi?

Nauliza kwa sababu, kwa nyumba unayoishi mwenyewe, ulichomlipa mkandarasi kabla ya barua hiyo umesalimika nacho. Ulichomlipa baada yake, bila karatasi ya duka kwamba limeachilia lieni, ndicho kinachokuweka pabaya.

Kutoka: Mama Mapacha

Nimeipata. Ilikuwa droo ya jikoni, chini ya kuponi za pizza. Nilidhani tangazo. Niliitilia sahihi tarehe 2 Julai, nusu ya pili nikalipa tarehe 9. Yaani jamaa kasimama mlangoni, kofia mkononi, mimi naandika hundi, na barua iko hatua tatu nyuma yangu.

Kutoka: Kaka wa Rochester

Huyo mkandarasi aliahidi pia kukulipia ile sehemu ya bima inayotakiwa itoke mfukoni mwako? Kwangu kuna mmoja aliahidi hivyo. Ni marufuku kwa sheria, na mkandarasi anayeanza na hilo mimi simpi hata maji. Wengine humu mnamchukua fundi "wa kwetu" asiye na leseni, mnalipana kwa simu. Mambo yakiharibika, mfuko wa fidia wa Idara ya Kazi na Viwanda haumgusi mtu kama huyo. Unamhusu mwenye leseni tu, na kwanza uwe na hukumu ya mahakama.

Kutoka: Baba Salim

Kaka, tusimwongezee dada uchungu. Dada, ile nusu ya pili ni 7,400, kwa hiyo 5,100 yao inaingia humo, yaani wanaweza kukudai yote. Lakini usiwalipe kwa hofu. Wana siku 120 tangu mzigo wa mwisho kuisajili lieni, na mwaka mmoja tangu siku hiyohiyo kufungua kesi. Hesabu tarehe zako.

Silaha yako ni kifungu 514.02 cha sheria za Minnesota. Hela uliyompa mkandarasi kwa ajili ya nyumba yako ni amana. Akijua vifaa havijalipiwa, naye akaitumia kwa mambo yake, sheria inauita wizi. Mwandikie, taja kifungu, ambatisha nakala ya hundi na ya barua ya duka, mpe siku 10. Usimtukane. Mngekuwa hamjamaliza malipo ningekuambia ulipe duka moja kwa moja na ukate kwenye bei yake, maana haki hiyo unayo, na kwa kawaida imeandikwa kwenye mkataba kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma.

Kutoka: Mama Mapacha

Wadau, siku ya nane alipiga simu mwenyewe. Eti hela ya kwangu ilimalizia paa la mtu mwingine kule Maple Grove. Nikamwambia hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Jana tumekwenda dukani wote wawili, kalipa kwa hundi ya benki, na dada wa kaunta kanipa karatasi ya ukurasa mmoja, imetiwa sahihi, kwamba hawana madai juu ya nyumba yangu.

Kutoka: Kaka wa Rochester

Ipige picha uitume hapa, dada, ufute jina na anwani. Wangu anamaliza Ijumaa na hundi nishaiandika.