Mjadala: Kupima hisia za mtazamaji wa tangazo kwa mawimbi ya ubongo, je, kunastahili hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi)?

Wakili wa hataza: Nazungumzia Marekani, ambako kampuni kama NeuroFocus, iliyonunuliwa na Nielsen mwaka 2011, ziliomba hataza za fani hii. Msimamo wangu: kumvalisha mtu elektrodi (vihisio vya kichwani), kumwonyesha tangazo na kutoa alama ya hisia si uvumbuzi. Herbert Krugman alichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo ya mtazamaji wa matangazo mwaka 1971.

Fundi EEG (kipimo cha mawimbi ya ubongo): Mkuu, umerahisisha mno. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja: chukua nguvu ya alfa (mawimbi ya ubongo ya hezi 8 hadi 13) kwenye F3 na F4 (elektrodi za mbele ya kichwa, kushoto na kulia), kisha toa logi ya kushoto kwenye logi ya kulia. Jibu likipanda, husomwa kuwa mtu amevutiwa. Taabu iko kwenye usafi wa mawimbi. Kupepesa jicho kunaweza kutoa zaidi ya maikrovolti 100, ilhali alfa ni makumi tu. Tangazo la kuchekesha ndilo baya kabisa: mtu anacheka, misuli ya taya inafurika kwenye beta (mawimbi ya kasi kuliko alfa), na programu inasoma "msisimko". Ukitupa kila kipande kilichochafuka, sekunde 30 za tangazo zinabaki vipandevipande. Atakayeokoa vipande hivyo kwa njia mpya amevumbua, na apewe haki yake.

Wakili wa hataza: Apewe, ila aiandike njia hiyo ndani ya dai, yaani sentensi ya hataza inayotaja kinacholindwa! Dai likisema tu "kuchanganua data ili kupata jibu la kihisia", linafunga mlango kwa kila mtu. Hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi za Mayo (2012) na Alice (2014) zilishasema: kanuni ya maumbile au wazo tupu, hata ukilipitisha kwenye kompyuta ya kawaida, halitoshi.

Mtafiti wa soko: Hoja ya Alice msiipeleke kwenye bodi ya ofisi ya hataza. Katika mapitio ya pande mbili (njia ya kupinga hataza mbele ya bodi hiyo), bodi hupokea hataza za awali na machapisho tu. Krugman aende bodini, Alice aende mahakamani. Na aliyeshtakiwa ana mwaka mmoja tangu akabidhiwe hati ya mashtaka. Ukipita, mlango huo umefungwa.

Fundi EEG: Basi lisomeni dai neno kwa neno kwanza. Likitaja marejeo ya masikio (elektrodi ya sikioni ambayo nyingine hupimwa dhidi yake), na wewe unatumia wastani wa elektrodi zote, hujalivunja kwa maneno yake. Mwenye hataza atabaki kudai kuwa njia hizo mbili ni kitu kimoja, na hapo mwonyesheni rekodi ileile kwa marejeo yote mawili: tofauti ya logi za kushoto na kulia haitoki sawa.