Vipindi vya zamani vya muziki vyenye watangazaji waliochafuka: virudiwe au vifungiwe? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mada hii hasa ni kwa tulio Uingereza. Runinga ya BBC Four ilianza kurudia Top of the Pops, kipindi cha zamani cha nyimbo zinazovuma, mwaka 2011, kuanzia vile vya 1976. Oktoba 2012 yakafumuka madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtangazaji wake Jimmy Savile, marehemu tayari, na vipindi alivyotangaza vikaondolewa. Vya mtangazaji mwenzake Dave Lee Travis navyo vikawekwa kando. Yeye alitiwa hatiani 2014 kwa kumdhalilisha mwanamke kingono. Nadharia tunazo za kutosha. Mliokaa karibu na jambo hili, mmeona nini?

Mke wa Mpiga Besi
Mume wangu alipiga besi kwenye bendi iliyoonekana kwenye televisheni mara moja tu maishani, na wiki hiyo mtangazaji akawa mmoja wa hao. Dakika tatu zake zimefungiwa pamoja na madhambi ya mtu ambaye hata hawakusalimiana. Wajukuu wanadhani babu anawapiga fiksi.

Fundi Kanda
Nimehariri kanda kwenye kituo kimoja, sikitaji. Watu husema "mkateni tu mtangazaji". Haya, jaribu. Jamaa anaongea huku ala zimeshaanza, anamalizia jina la bendi sekunde moja kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ukimtoa, unaondoka na utangulizi wa wimbo, na makofi yanakatika kama umeme. Halafu unapumua, unakuta anayefuata jukwaani ni mwimbaji Gary Glitter, aliyefungwa miaka 16 mwaka 2015 kwa kunyanyasa watoto kingono. Utakata mpaka ubaki na nembo ya kipindi. Tena kanda nyingi za miaka ya sitini zilishafutwa zirekodiwe upya, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo.

Dada Mkubwa
Fundi, nakuelewa, ila wifi yangu aliumizwa na mtangazaji wa redio, hao wadogo wasioandikwa magazetini. Siku moja walirusha kipande chake cha zamani bila taarifa. Alikuwa anaosha vyombo, akaacha maji yanatiririka, akatoka nje bila viatu. Picha unaweza kukwepa kwa kugeuza uso. Sauti inakufuata hadi jikoni. Anayetaka kuona akatafute mwenyewe, asiletewe sebuleni.

Mleta mada
Dada, pole sana kwa wifi. Mimi kilichonikaa ni kile kipande cha Novemba 1976: Savile anatangaza akiwa katikati ya mabinti, mmoja anaruka na kujikunyata mbele ya kamera, yeye anaendelea na maneno yake kama kawaida. Tulipitisha miaka tukidhani ni utani. Ndiyo maana sitaki kanda zichomwe: binti yule alikuwa anatuonyesha, wazi kabisa. Lakini kuzihifadhi ni jambo moja, kuzirusha usiku wa burudani ni jingine. Savile ndiye aliyefungua kipindi 1 Januari 1964, na 2006 wakamrudisha kukifunga. Historia ya kipindi huwezi kuisimulia bila yeye, burudani unaweza.

Mke wa Mpiga Besi
Hapo sawa. Basi watupe wimbo wetu peke yake, hata huo utangulizi ukikatwa. Besi inaingia baadaye kidogo.

Fundi Kanda
Mama, kama inaingia baadaye, hiyo ni kazi ya nusu saa. Waandikieni.