Tramadoli na ndugu zake mitaani kwetu, Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

Mwana wa Chuno: Wakuu, leo asubuhi bodaboda wa kijiweni kwetu kalalia tangi la pikipiki, abiria anamtikisa haamki. Wenzake wanacheka tu, "kaamkia mbili huyo." Bangi na gongo tuwekeni pembeni. Nataka hizi za kwenye pakiti: tramadoli ya maumivu, valiamu ya usingizi, sirapu za kikohozi zenye kodeini. Kwenu zilianzaje?

Mpiga Salfa: Tandahimba zilianzia ghalani. Msimu wa korosho, malori foleni, mdogo wangu anapakia magunia ya kilo 80 mpaka alfajiri. Kiongozi wa genge akampa kidonge "cha mgongo". Msimu haujaisha, anameza kabla hajagusa gunia. Kakonda, choo hapati, ukimsalimia anakung'akia. Mama akazikuta chini ya godoro, akazimwaga chooni zote. Weee! Jasho, kuhara, miguu haitulii, usiku kucha analia. Kesho yake katoroka, kazipata kwingine, kameza za kufidia, juu kashushia uraka, pombe ya mabibo. Akaangukia uani, kifafa, povu. Majirani wanasema mashetani, mmoja akamkandamizia kijiko mdomoni, meno mawili chini. Hospitali daktari akatwambia tramadoli ikizidi yenyewe inaleta kifafa, na ikikutana na pombe inazima pumzi. Yu hai. Ghalani hataki hata kupasikia.

Mtoto wa Nachingwea: Pole mkuu. Hicho kijiko na kwetu kipo.

Baharia wa Kilwa: Wauaji ni wauza maduka ya dawa. Cheti hawaulizi, wanaangalia noti.

Dada wa Dirishani: Kaka, mimi niko duka la dawa muhimu, Lindi. Tramadoli kwetu hairuhusiwi, ni ya famasi na kwa cheti. Zinazowamaliza vijana zinatembea kwenye mabegi ya wachuuzi. Nikimnyima mtu naitwa mchawi, leo naitwa muuaji.

Baharia wa Kilwa: Na sirapu je? Lindi nzima inakohoa?

Dada wa Dirishani: Dukani kwangu umewahi kufika?

Shehe Mdogo: Mfungieni ndani wiki nzima, dafu na maziwa, anatoka mpya.

Mtoto wa Nachingwea: Maziwa gani, muozesheni 😂

Nesi Mstaafu: Wanangu, msifungie watu. Aliyezoea valiamu akikatishwa ghafla anaweza kuanguka kifafa na kufa. Daktari anazipunguza kidogo kidogo. Tramadoli vilevile, hospitali wapo wa kumshusha taratibu. Akianguka, mlazeni ubavu, mdomoni msitie kitu.

Mwana wa Chuno: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nao wana namba ya bure, 119.

Shehe Mdogo: Si ndiyo ya kukamatisha watu hiyo?

Mwana wa Chuno: Muuzaji unamripoti hapohapo, ndiyo. Sasa wewe unamuonea huruma nani?

Baharia wa Kilwa: Ya sirapu bado sijajibiwa.