Vitabu vimeskaniwa, lakini wasomaji wangu hawavipati. Nianzie wapi?

Mkutubi_Mbale
Habari zenu wakuu. Natunza maktaba ndogo ya jamii hapa Mbale. Juzi kaja mwanafunzi anataka kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882. Tukatafuta "Kiswahili", tukatafuta "Swahili", tukazama kwenye orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Baada ya saa nzima ndipo nikakumbuka: zamani wale waliandika "Suahili"! Kuandika hivyo tu, ikatokea kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bure kabisa. Bando lake likakata kabla hajaipakua. Roho iliniuma sana.

Vitabu vingine viko HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni, vingine Google Books, na jarida la Uganda Journal limehifadhiwa mpaka Chuo Kikuu cha Florida. Niko peke yangu. Nishike lipi kwanza?

Mama_Katalogi
Mwanangu, shika majina. Mwandishi wa Buganda, Apolo Kagwa, utamkuta pia kama Kaggwa, kwa g mbili. Katika rekodi moja ya katalogi weka tahajia zote, ya zamani na ya sasa. VIAF, orodha ya majina iliyo mtandaoni, itakusaidia: inakusanya majina ya mwandishi mmoja kutoka maktaba za nchi nyingi. Mtoto wa shule hawezi kujua tahajia ya 1882. Kuijua ni kazi yetu.

Arua_Kwetu
Kama mnatumia Koha, ile programu ya katalogi, kiungo cha kitabu kinakaa uga wa 856, sehemu ya rekodi ya anwani za mtandao. Ila usinakili ile anwani ndefu inayobaki juu baada ya kutafuta. HathiTrust wanaweka kiungo cha kudumu kwenye ukurasa wa kila kitabu, chukua hicho.

Ticha_Jinja
Na ukifungue mwenyewe ukiwa hapahapa Uganda. Kwa sababu za hakimiliki, baadhi ya vitabu vya HathiTrust humfungukia aliye Marekani tu; sisi tunaonyeshwa namba za kurasa zenye neno tunalotafuta, kurasa zenyewe hatuzioni. Niliwahi kumpa mwanafunzi kiungo nisichokijaribu, akapanda boda hadi mjini kukisoma, akarudi bila kitu. Siku hizi naandika kwenye rekodi: "kinafunguka hapa" au "hakifunguki".

Mama_Katalogi
Umenena, Ticha. Na kile ambacho hakimiliki yake imeisha, kipakue kikae kwenye kompyuta ya maktaba. Usianze na vitabu mia. Anza na vile vinavyoulizwa.

Mkutubi_Mbale
Shikamoo mama, asanteni wote. Krapf amekuwa wa kwanza: faili iko kwenye kompyuta ya dirishani, na kadi nimeibandika kwenye rafu ya kamusi, Suahili, Swahili, Kiswahili, zote tatu kwa kalamu nzito. Kesho asubuhi nampigia yule kijana simu.