Paundi, galoni, aunsi: leo nusura nimzidishie mtoto dawa kwa sababu ya namba isiyo na jina

Wakuu, salaam. Naandika saa nane usiku hapa Columbus, Ohio, mtoto kalala kifuani, hasira zimenijaa hadi usingizi umekata.

Binti yangu ana miaka miwili. Usiku kapandisha homa, kipimajoto kinasoma 102. Mama mkwe, ambaye ana wiki mbili tu tangu atoke Moshi, alitaka kuzimia. Kwake 40 ni ya kukimbiza hospitali, sasa 102 si mtoto anatokota? Nikamtuliza kwamba hiyo ni Farenhaiti, kwetu ni kama 39. Hakuniamini. Chupa ya dawa nayo hakuiamini, maana huku parasetamo wanaiita asetaminofeni. Akampigia shemeji yangu, mfamasia Mwanza, huko ni alfajiri, jamaa yuko nusu usingizini.

Shemeji akauliza uzito. Mama akachukua karatasi ya kliniki ya wiki iliyopita, akasoma: "28." Ndivyo ilivyoandikwa, wakuu. 28 kavu, haina kilo, haina paundi, haina chochote. Shemeji akapiga hesabu yake kama alivyofundishwa: miligramu 15 kwa kila kilo, mara 28, jumla 420. Chupa ina miligramu 160 kwenye kila mililita 5. Akasema mpe mililita 13.

Kilichomwokoa mtoto si akili ya mtu. Ni kwamba sirinji iliyokuja na dawa inaishia 5. Nimetoka bafuni namkuta mama anajiandaa kuvuta ya pili, nikauliza, mama hiyo ya nini? Paundi 28 ni kilo 12.7. Kibandiko cha chupa kinasema paundi 24 hadi 35, mililita 5, basi. Tungempa mara mbili na nusu ya kipimo, na kila mmoja wetu angeapa kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Na ilikuwa sawa!

Madaktari wa watoto wa nchi hii hii walishasema tangu 2015 kwamba dawa za maji zipimwe kwa mililita, mambo ya vijiko yaachwe. Vizuri. Sasa kwa nini sirinji isome mililita halafu mzani usome paundi? Mzazi ndiye ageuze, saa tano usiku, mtoto analia?

Msiseme ni sisi wageni tusiojua. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Kanada, Boeing 767, iliruka na paundi 22,300 za mafuta huku marubani wakiamini ni kilo 22,300. Injini zote mbili zikazima angani, wakaishusha ikielea mpaka Gimli, Manitoba, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Watu walipona. Ni kosa lile lile la shemeji wangu, na wale walikuwa wataalamu walio macho.

Tuje kwenye galoni, maana hapo nimeliwa hela taslimu. Binamu yangu yuko Leicester, akanisifia gari: linakwenda maili 45 kwa galoni. Nikanunua la aina ile ile. Kwangu haligusi hata 38. Nikamlaumu fundi, nikabadilisha plagi, nikajaza upepo. Kumbe galoni ya Mwingereza ni lita 4.546 na ya Mmarekani ni lita 3.785! Maili 45 zake ni 37 na nusu zangu. Kwa maili 1,200 ninazokwenda kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya galoni 5 ambazo sikuzipangia. Na kichekesho, Mwingereza mafuta ananunua kwa lita, ila akijisifu anajisifu kwa galoni. Hapa sheli bei inaandikwa dola 3.29 na tisa ya kumi ya senti. Hiyo tisa ya kumi nani amewahi kurudishiwa chenji yake?

Galoni hii ya Marekani ni ya mvinyo, ya enzi za Malkia Anne, 1707. Waingereza wenyewe waliiacha 1824. Mwaka 1975 Rais Ford akasaini sheria ya kuhamia mita na kilo, lakini kwa hiari, na hiari ya Mmarekani mnaijua. Soda dukani ni lita 2, maziwa pembeni yake ni galoni. Bibi yangu Tanga alipima mchele kwa pishi, vibaba vinne, na watu walimcheka kwamba ni mshamba. Angalau jirani yake alijua pishi ni nini.

Asubuhi nitapiga simu kliniki. Najua nitakachojibiwa, kwamba kila mtu anajua ni paundi. Kila mtu yupi? Mama mkwe wangu si mtu?

Kabla sijakaa kuandika huu uzi nimechukua kalamu nene nikaandika kwenye chupa, kwa herufi kubwa, MWISHO 5, nikaiweka juu ya friji. Mama kaiangalia, kaniangalia, kaniuliza, "Tano nini, baba?"